Sauti ya Mwanamke Sebuleni

Baba mkwe wangu alikuja kukaa kwetu Bweri baada ya maksai kumkanyaga mguu akiwa analima shambani kwake Butiama. Mfupa ulivunjika chini ya goti. Hospitali mjini Musoma wakamfunga plasta ngumu, wakampa magongo mawili na kumwambia asirudi kijijini mpaka mfupa ushike, kwa sababu walijua akifika huko atachechemea hadi zizini siku hiyohiyo. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Mume wangu anafanya kazi Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na hurudi nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri. Kwa hiyo siku nyingi za wiki nyumba ilikuwa ya watu wanne: mimi, binti yangu wa darasa la sita, mdogo wake wa kiume wa darasa la pili, na Baba.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Mukendo, na kila asubuhi nilikuwa naondoka na bodaboda nikishamwekea Baba chai kwenye chupa na chakula cha mchana kwenye hotipoti. Nilirudi jioni watoto wakiwa wamekwisha kutoka shule. Mchana kutwa Baba alibaki peke yake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa naamini.

Nimelelewa upande wa Kisorya, katika nyumba ambamo mkamwana hamshiki mkono baba mkwe wake, haingii chumba anacholala, na akimpelekea chakula anakiweka mezani na kurudi nyuma. Baba naye alikuwa wa namna hiyohiyo. Kitanda chake alitandika binti yangu. Maji ya kuoga alipelekewa na mjukuu wa kiume. Kuzungumza alizungumza nami kupitia watoto, hata mimi nikiwa nimesimama palepale. "Mwambieni mama yenu samaki walikuwa wazuri." Nami nilijibu kwa watoto kwamba nashukuru. Kilugha chao nakisikia nusunusu, kwa hiyo haya yote yalifanyika kwa Kiswahili.

Shida yetu ilikuwa televisheni. Kabla Baba hajaja, mimi na watoto tulikuwa na tamthilia yetu ya saa moja jioni, ya kigeni, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilikuwa na mashamba makubwa, ndugu wanaodhulumiana, na mwanamke mmoja mwenye macho ya huzuni ambaye kila mtu alimdanganya. Ilikuwa pia na mambo mengine. Hakikupita kipande bila watu kukumbatiana na kuendelea mbele zaidi ya kukumbatiana. Nilikuwa nawaambia watoto wafumbe macho, nao waliweka viganja usoni huku vidole vimeachana.

Sasa Baba alikuwa kwenye kochi linalotazamana na televisheni, mguu juu ya stuli. Nyumba yetu ina sebule moja. Kuzima ilikuwa sawa na kumwambia mzee kwamba amekuja kutuharibia jioni. Kuacha ilikuwa ni kukaa na baba wa mume wangu huku watu wasio na haya wakivuliana mashati mbele yetu. Jioni ya kwanza nilikaa ukingoni mwa kiti, mwili mzima umesimama ingawa makalio yamekaa, nikijiandaa kukimbilia jikoni kana kwamba nimesikia maziwa yanachemka.

Sikuhitaji kukimbia. Watu wa kwenye tamthilia walikuwa bado wanagombania hati ya shamba pale Baba alipoyavuta magongo yake, akamwambia mjukuu amsindikize nje akaangalie kama mvua itanyesha. Ndiyo kwanza mlango ulikuwa umefungwa nyuma yao, yule mwanamke akaangukia kifuani kwa mwanamume. Nikashukuru kimoyomoyo. Waliporudi, hati ya shamba ilikuwa inagombewa tena.

Kesho yake ikawa vilevile. Alitoka wakati watu wanakula, wametulia kabisa, hakuna dalili yoyote. Keshokutwa alitoka katikati ya mazishi, nikasema leo amekosea, lakini mjane hakuwa amekaa vizuri bado akaja mtu kumfariji, na faraja yenyewe ikawa ya aina ile. Wiki ikapita. Hakukosea hata jioni moja, na wala hakutoka bure.

Nikaacha kuangalia tamthilia, nikawa namwangalia yeye. Nilitaka kujua anakiona wapi kile nisichokiona mimi. Hakuwa anasikiliza muziki kubadilika, kwa sababu alitoka kabla ya muziki. Hakuwa anasoma sura za watu, kwa sababu macho yake ni ya zamani na sura za wale watu zinafanana. Mimi ni Mkristo, nasali, lakini nilipoolewa niliambiwa kwamba katika ukoo ule kuna wazee wanaoota jambo kabla halijafika. Nilikuwa nimelipuuza neno hilo miaka yote. Sasa likarudi na kukaa nami hata nikiwa kwenye cherehani.

Siku hizohizo jumuiya yetu ya kanisani ilikuwa na mjadala wa televisheni. Mama mmoja alilalamika mwanawe amemjibu mwalimu maneno aliyoyachukua kwenye filamu. Baba mmoja akasema kwake wanagombania rimoti mpaka wanalala wamenuniana. Mwenyekiti akasema badala ya kulaumu, wazazi wasaidiwe kupata vipindi ambavyo nyumba nzima inaweza kukaa na kuangalia, babu, mkamwana na mtoto, bila mtu kutazama sakafu. Kazi ya kutafuta vipindi hivyo nikapewa mimi, kwa kuwa king'amuzi chetu kilikuwa na chaneli nyingi. Nadhani pia ni kwa kuwa nilikuwa nimezungumza sana.

Nilianza na kilichoonekana chepesi. Nikaangalia kipindi cha wanyama, siku hiyo kilikuwa cha ndege wa ziwani, nikakipenda. Jumapili nikawaambia wenzangu kwamba wanyama hawana matatizo, waangalie bila wasiwasi.

Jumapili iliyofuata baba mmoja alisimama. Alikuwa amepata mgeni, mama mzaa mkewe, na kwa kuniamini aliwaita wote sebuleni, watoto kwenye mkeka, mkwe kwenye kiti cha heshima. Siku hiyo kipindi kilikuwa cha simba. Simba dume na jike wakaanza shughuli zao, na yule msimulizi akawa anaeleza taratibu, kwa Kiswahili kilichonyooka, hatua kwa hatua, mara ngapi na kwa nini. Mtoto mdogo akauliza swali. Asubuhi mama mkwe akafunga mzigo, akasema amekumbuka mihogo yake ameiacha juani.

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliniangalia mimi, akauliza, "Uliangalia, au ulikisia?"

Nikamwambia niliangalia cha ndege. Akakaa. Baada ya hapo nilianza kusikia minong'ono, kwamba huenda kuna muuza ving'amuzi ananipa chochote ili niwasifie watu chaneli. Mtu niliyezoea kurudi naye njia moja kutoka jumuiya akaanza kuwa na haraka. Kwa hiyo mimi nilikuwa nashukiwa huko nje, na ndani ya nyumba yangu nilikuwa nashuku.

Jioni moja nilirudi mapema kidogo kuliko kawaida, nikapitisha mkono nyuma ya televisheni ili kunyoosha waya. Ilikuwa ya moto. Haikuwa joto la jua la dirishani, ilikuwa ya moto kama pasi iliyozimwa muda si mrefu. Rimoti niliyokuwa nimeiacha juu ya kabati, kando ya maua ya plastiki, ilikuwa katikati ya mito ya kochi. Nikakumbuka kwamba hata umeme niliolipia siku hizi ulikuwa unaisha kabla ya wakati niliouzoea, na nilikuwa nimelaumu mita.

Baba hakuwemo kwenye mawazo yangu. Siku aliyofika, mume wangu alimpa rimoti achague anachotaka, naye akaisukuma kwa mgongo wa mkono na kusema, "Hicho sikijui." Mtu ambaye hakijui, hakijui. Nikamuuliza mwanangu wa kiume, akaapa. Nikamuuliza binti yangu, akasema yeye hurudi muda mfupi tu kabla yangu, tena alisema hivyo akiangalia vidole vya miguu. Nikajua kuna kitu, ila sikujua ni kitu gani.

Ndipo jirani yangu aliponiita. Kati ya nyumba yake na yangu kuna ua wa minyaa tu, na alinikuta naanika nguo. Ni mama mtu mzima, hukaa nyumbani kutwa akichambua dagaa.

"Mama, mgeni wako bado yupo?" akauliza.

Nikamwuliza mgeni yupi.

"Yule mama anayekujaga mchana." Akasogea mpaka minyaa ikamgusa kanga. "Mimi sipendi maneno. Ila anaongeaga Kiswahili laini, kile cha pwani, siyo cha watu wa hapa. Juzi alikuwa analia, anasema asiachwe. Na mzee anamjibu."

Niliendelea kuanika. Nililibana shati moja kwa vibanio vinne, nikalibana tena. Nilimwambia kwamba labda ni mtu wa kanisani anayemtembelea mgonjwa. Jirani akasema sawa, labda, na akarudi kwenye dagaa zake kwa namna ambayo ilinionyesha hajakubali.

Tangu hapo sikuwa na amani. Nilimfikiria Baba, mjane, mwenye ng'ombe na shamba Butiama, na mwanamke wa Kiswahili laini ambaye amesikia habari za hao ng'ombe. Kisha fikra ikageuka, ikawa mbaya zaidi. Niliwaza kwamba huenda mwanamke si wa Baba. Huenda ni wa mume wangu, amempata Bunda, na anamleta kwa mzee kidogokidogo mimi nikiwa kazini, ili siku nitakapojua mzee awe ameshamkubali. Ndiyo maana analia asiachwe. Nikikumbuka kila Jumamosi mume wangu alivyokuwa akiingia, alivyokaa, alivyopokea simu akatoka nje, kila kitu kilikuwa ushahidi.

Nilinusa mito ya kochi. Nilipiga magoti nikatafuta unywele chini ya meza, nikapata uzi mrefu mweusi, moyo ukanilipuka, kumbe ni uzi wangu wa cherehani niliokuja nao kwenye sketi. Jioni tukikaa na Baba nilimtazama kwa jicho la pembeni. Yeye alikuwa yuleyule. Alitoka kwa wakati wake, akarudi kwa wakati wake, akauliza watoto kama wamefanya kazi za shule. Utulivu wake ndio ulionitia hofu zaidi. Niliwaza kwamba mtu anayeweza kuficha mwanamke mzima mchana, jioni akauliza habari za hesabu, anaweza kuficha chochote.

Kumwuliza sikuweza. Ningeanzia wapi, na kupitia mtoto yupi? Mume wangu nilikuwa namshuku. Nikampigia simu wifi yangu, binti mkubwa wa Baba, anayelima pamba nje kidogo ya Bunda. Nilimweleza mpaka mwisho. Akauliza, "Kiswahili cha pwani?" Nikasema ndiyo. Akasema anakuja.

Alikuja na kiroba cha viazi vitamu, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa, lakini hakwenda nyumbani. Alikuja moja kwa moja kibandani kwangu Mukendo. Tulikaa mpaka mchana ukainama kidogo, nikafunga cherehani, tukapanda bodaboda moja wawili na viazi vyetu. Tukamwambia dereva atushushe kwenye kona, mbali na nyumba. Wifi akakaza kanga kiunoni. Jirani alikuwa mlangoni kwake na sinia la dagaa. Hakutusalimu, alinyanyua kidevu tu kuelekea nyumbani kwangu.

Pazia la sebuleni lilikuwa limefungwa. Asubuhi nilikuwa nimeliacha wazi. Tulisimama chini ya dirisha, mimi nimeshika mkono wa wifi, na tukamsikia, wazi kabisa.

"Nimekupa miaka yangu yote," alikuwa anasema yule mwanamke, sauti ikitetemeka, "na leo unaniambia niondoke?"

Kisha nikasikia sauti ya Baba mkwe wangu, ya upole, sauti ambayo mimi hajawahi kunisemesha nayo.

"Ondoka, mama. Huyo hana akili."

Wifi hakugonga. Aliusukuma mlango kwa bega.

Baba alikuwa amekaa kwenye kistuli cha watoto, karibu agusane na televisheni, mguu wa plasta ameunyoosha pembeni, rimoti mkononi. Kwenye kioo alikuwepo yule mwanamke wetu wa saa moja mwenye macho ya huzuni, anafuta machozi. Hapakuwa na mtu mwingine. Hata hivyo niliangalia nyuma ya kochi. Wifi alipita mpaka jikoni, akafungua mlango wa nyuma, akaenda kuchungulia choo cha nje, akarudi.

Baba alikuwa anajaribu kuzima. Alibonyeza pasipo, sauti ikapanda, yule mwanamke akalia nyumba nzima. Akabonyeza tena, ikazimika.

Wifi akamwuliza jambo kwa kilugha chao, haraka, kwa ukali. Baba alimwangalia, kisha akaniangalia mimi nilipokuwa nimesimama karibu na kabati. Akajibu kwa Kiswahili. Nilielewa kwamba anataka na mimi nisikie.

"Hiki ndicho cha jioni," alisema. "Wanakionyeshaga kwanza mchana. Jioni wanakirudia kwa ajili ya watu wa kazini."

"Na wewe unakiangalia mara mbili cha nini?"

Baba aliutazama mguu wake. "Nijue mahali pa kutoka."

Wifi hakuelewa. Mimi nilianza kuelewa, na masikio yakanipata moto.

"Mguu huu hauwezi kushtuka," Baba akaendelea. "Nikisubiri mpaka yale mambo yaanze, kuchukua magongo, kusimama, kufika mlangoni, wameshamaliza. Nitakuwa nimeona, na mke wa mwanangu atakuwa ameniona nikiona. Asubuhi tutasalimianaje?"

Wifi akamwuliza kwa nini basi asikae chumbani kwake jioni, akapumzika.

"Chumbani kuna ukuta. Watoto wako huku." Alifikiri kidogo. "Na nikisema wazime, huyu mdogo atasema babu alipokuja tulikaa gizani. Sikutaka kukumbukwa hivyo."

Wifi aliketi juu ya kiroba cha viazi, akacheka mpaka akajifunika uso na kanga. Mimi sikuweza kucheka. Nilikumbuka nilivyonusa mito. Nilikumbuka nilichokuwa nimemfanyia mume wangu kichwani mwangu Jumamosi zote zile, mtu aliyekuwa amelala chali kwa uchovu wa vumbi la pamba huku mimi nikimpima kwa macho. Nikajikuta namsemesha Baba mwenyewe, bila mtoto katikati.

"Baba, niliambiwa kuna mgeni wa kike."

Alimgeukia binti yake, kwa kuwa yeye hakuwa tayari kuvunja desturi kwa ajili ya kosa langu. "Mwambie mama wa watoto hawa, mgeni ndiye yule." Akaelekeza rimoti kwenye televisheni. "Na anateswa sana."

Lilibaki swali la rimoti, kwamba mtu asiyekijua kile kidude alikijuaje. Baba aliangalia ukuta. Jibu lilikuja lenyewe, binti yangu alipoingia kutoka shule na begi mgongoni, akatukuta wote pale. "Babu," akasema, "wamejua?" Yeye ndiye aliyemwonyesha, kabla ya jioni ile ya kwanza, kitufe cha kuwashia na chaneli yenyewe, na kumwambia kuna mambo ya kufumbia macho. Babu alikuwa amemwomba asiniambie, akamweleza kwamba si jambo baya, ni jambo la aibu tu, na haya mawili si kitu kimoja.

Mume wangu aliporudi Jumamosi, dada yake alikuwa amemsubiri ili amsimulie yeye mwenyewe. Sehemu yake yeye, ile ya mwanamke wa Bunda, tuliiruka. Alicheka sana, halafu akatulia. Akasema kwamba walipokuwa wadogo wakienda mtoni asubuhi, baba yao alikuwaga anatangulia mbele yao na fimbo, anapiga nyasi kushoto na kulia, na hawakuwahi kumuuliza anapiga nini. Waliona nyasi zimelala tu, wakapita.

Baada ya wifi kuondoka niliwatuma watoto kwa Baba na ombi. Niliwaambia wamweleze kazi niliyopewa na jumuiya, simba na mama mkwe wa mihogo, na wamuulize kama mchana anaweza kuniangalizia vipindi vingine pia. Jioni yake, tukiwa tunakula, akaanza.

"Mwambieni mama yenu kile cha mapishi ni salama, ila yule mpishi anajisifu."

Ikawa ndiyo desturi yetu ya mezani. Kipindi cha wanafunzi kushindana kujibu maswali alikisifu, akasema na yeye hujibu. Vichekesho vya jioni alivikataa, kwa kuwa vinaanza na kicheko na kuishia kutukana wazazi. Kwaya ziangaliwe, isipokuwa moja ambayo viuno vyake vinaimba kuliko midomo. Wanyama aliwagawa, kwa kuwa amechunga maisha yake yote na anajua tabia zao. Ndege na nyumbu sawa, simba hapana, nyani hapana kabisa. Taarifa ya habari alisema inategemea siku, akashauri mzazi akae karibu na rimoti.

Nilipeleka maneno hayo jumuiya. Yule baba wa simba alinisubiri nimalize, akasimama tena. Nilijua swali lake.

"Haya nayo, uliangalia?"

"Hapana," nikasema. "Ameangalia baba mkwe wangu. Kisha jioni tukaviangalia sote pamoja."

"Yeye amekaa, na wewe umekaa?"

"Tumekaa."

Aliitikia kwa kichwa polepole na kuketi. Baada ya hapo watu wakaanza kuja nyumbani kumjulia hali mgonjwa, wanaume kwanza, baadaye kina mama wakisimama mbali kidogo. Mmoja alileta sato, mwingine ndizi. Baba aliwapokea barazani, mguu ameuegesha kwenye kiroba, na kabla ya kuaga kila mmoja alikuwa na swali lake dogo kuhusu kipindi fulani.

Tamthilia yetu hatukuiacha. Nilitaka tuiache, lakini aliyekataa ni Baba. Alisema ameshamjua yule mwanamke na hawezi kumtupa katikati ya matatizo. Kwa hiyo aliendelea kutoka na kurudi, sasa bila kisingizio cha mvua, na mjukuu wa kiume akimshikia mlango.

Lakini neno likishavuka ua wa minyaa halirudi. Jirani nilimweleza, nikamwonyesha hata televisheni yenyewe, akasema ahaa, akaitikia vizuri, na bado nikipita bombani kuchota maji wanawake wawili watatu walikuwa wananyamaza. Mmoja aliniuliza kwa tabasamu kama mama mdogo ameshasafiri kurudi pwani. Niliona haya kwa ajili ya Baba. Nikataka kusimama jumuiya nilieleze jambo lote lilivyokuwa, na kwa mara ya kwanza nikamfuata kwa makusudi kumwambia hivyo mwenyewe, barazani, watoto wakiwa shule.

Aliendelea kukwaruza tope kwenye gongo lake.

"Waache, mama," akasema, akiangalia gongo. "Ukiwaeleza, watataka kujua nilikuwa natoka kwa sababu gani. Hilo ni la kwetu."

Plasta ilipofunguliwa alirudi Butiama. Mume wangu alitaka kumnunulia televisheni ndogo ya sola, akakataa, akasema peke yake hana cha kuangalia. Baada ya muda mfupi alipiga simu, kwa simu ya mtoto wa jirani yake, akamwomba binti yangu amweleze tamthilia imefika wapi. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, mlango uko wazi. Nilimsikia binti yangu akisimulia kituo kwa kituo, nani amerudi, nani amekamatwa, shamba limeenda kwa nani. Alipofika kwenye kipande cha jana yake, kile nilichokuwa nimemwambia afumbe macho, alisita kidogo. Akasema, "Halafu wakaongea pale, babu, wakamaliza," na akaendelea na kesi ya mahakamani.